Pendekezo langu la kufuta azimio NationStates limepigwa alama ya haramu mara ya pili, nakosea wapi wakuu?

nahodha_wa_ziwani

Wakuu heshima zenu. Mimi bado mgeni kwenye NationStates, ule mchezo wa mtandaoni wa kuendesha nchi ya kubuni, nina kama miezi mitano hivi, nchi yangu inakwenda tu, uchumi umepanda, raia wanalalamikia kodi, ndo maisha. Sasa nikajiunga na World Assembly (WA), ule umoja wa nchi za mchezo, kupitia pitia maazimio ya General Assembly, upande wake unaotunga sheria, nikakuta moja la vyombo vya uvuvi, jina silitaji maana mwandishi wake bado anacheza na sitaki kesi na mtu. Kwa kifupi linataka chombo cha uvuvi kiwe na redio, kifaa cha kuonyesha kilipo na kitabu cha kuandikia samaki waliovuliwa. Kwa meli kubwa sina neno. Ila mimi nimekulia Kigoma wakuu, namjua mtu anayetoka usiku na taa kwenda kuvua dagaa, huyo ukimwambia atafute redio ya meli atakuangalia tu halafu ataendelea kushona wavu wake.

Nikasema ngoja nilirekebishe. Nikaandika pendekezo fupi kwamba kifungu cha pili kiongezewe maneno "isipokuwa mitumbwi". Haramu. Wakasema huwezi kurekebisha azimio. Haya, nikaelewa kumbe kuna kufuta tu, nikaandika la kufuta, nikaweka hoja moja nzito kwamba kila nchi ina haki ya kujiamulia mambo ya wavuvi wake, halafu mwishoni nikamalizia kwa uungwana kabisa kwamba baada ya azimio hili kufutwa nchi zote wanachama zitaandaa utaratibu mwepesi kwa wavuvi wadogo. Haramu tena, na safari hii makosa mawili kwa mpigo!!

Sasa najiuliza, kama siruhusiwi kurekebisha, na nikifuta siruhusiwi kusema kije nini, na haki ya nchi kujiamulia siyo sababu, je hilo pendekezo la kufuta linaandikwaje? Naombeni msaada kwa lugha nyepesi, nimesoma ile kurasa ya kanuni kwa Kiingereza mpaka macho yameuma.

mtoto_wa_likoni

Nimekaa hapa na kahawa yangu na kashata nangoja wajuzi. Yangu mimi hata haramu haikufika, ilikufa yenyewe kwa kukosa maapruvo, zile idhini za kuifikisha kwenye kura 😂

karani_wa_zamani

Nahodha pole, ila makosa yako ni yale yale ya kila mgeni kwa hiyo usijione mjinga. Mimi niko huku tangu enzi kile chombo kinaitwa United Nations, kabla ile UN ya kweli haijawaandikia wenye mchezo barua kuwataka waache kutumia jina lake, wakabadilisha mwaka 2008 ikawa World Assembly, na walivyo watu wa vituko wakatangaza tarehe 1 Aprili, nusu ya wachezaji tukajua ni utani wa siku ya wajinga. Siku ile maazimio yote ya zamani yaliondoka na hesabu ikaanza upya namba 1. Nakwambia hivi ujue tu kwamba kanuni hizi zina historia, hazikutungwa kumkomoa mtu wa Kigoma.

Jambo la kwanza, azimio likishapita maneno yake yamekufa pale pale. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, hakuna hata kusahihisha nukta. Mwanzoni kabisa hata kufuta kulikuwa hakuna, kulikuja baadaye. Kwa hiyo ukiliona azimio lina kasoro una njia moja, ulifute lote zima, halafu kama una mbadala ulete mbadala kama pendekezo jingine linalojitegemea.

Na pendekezo la kufuta lina kazi moja tu. Ule mstari unaosema azimio namba fulani linafutwa na halina nguvu tena, mfumo wenyewe unakuandikia, wewe unajaza sababu. Ndiyo maana kile kifungu chako cha "nchi zote zitaandaa utaratibu" kimekuponza, pale umetunga sheria mpya ndani ya karatasi ya kufutia. Ungesema "tunatumaini azimio bora litakuja" hakuna mtu angekugusa, hayo ni maneno tu hayamlazimishi yeyote. Neno "zitaandaa" linalazimisha.

Hiyo ya haki ya nchi kujiamulia, kuitumia unaruhusiwa, ila isiwe peke yake. Fikiria mwenyewe, hoja hiyo inaweza kufuta azimio lolote lililowahi kuandikwa, la uvuvi, la wafungwa, la chanjo, lolote. Ukiitegemea hiyo tu hujasema kitu chochote kuhusu azimio lenyewe. Iweke iwe kachumbari, pilau litoke kwenye maandishi ya azimio.

spika_mama

Naongezea kwa Karani. Kinachowachanganya watu wa huku kwetu ni kwamba tumezoea Bunge. Dodoma kila baada ya muda unasikia Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, kifungu hiki kinaondolewa neno "na" linawekwa neno "au", sheria kumi zinarekebishwa kwa kitabu kimoja. Mtu akitoka huko akaingia General Assembly lazima agonge mwamba. Mimi kazi yangu ni ya mambo hayo hayo ya sheria na bado pendekezo langu la kwanza lilikuwa la marekebisho 🙈 nilijiona mjanja kweli nikaliita "nyongeza".

Halafu Nahodha kuna kanuni nyingine itakuuma usipoangalia. Usiandike mbadala wako ukitegemea azimio jingine lisimame, mfano "kama ilivyoelezwa katika azimio namba fulani, vyombo vidogo ni...". Hilo jingine likifutwa kesho, lako linabaki na tafsiri inayoning'inia hewani. Wao wanasema huwezi kujenga sheria yako juu ya sheria ya mwenzio, na mimi nawaunga mkono, huwezi kuegemeza paa lako kwenye ukuta wa jirani halafu jirani akaamua kubomoa. Kutaja azimio jingine unaweza, kulitegemea ndo hapana.

nahodha_wa_ziwani

Asanteni sana, Karani na dada Spika mmenifungua. Sasa nimeandika upya, nimeweka hoja kwamba azimio linamlazimisha kila mvuvi mwenye mtumbwi awe na vifaa vya meli. Hiyo imekaa kwenye maandishi si ndiyo? Nimemtumia Karani namba ya azimio inboksi aliangalie.

karani_wa_zamani

Nimelisoma. Nahodha, wewe ulilisoma lote?

Kifungu cha kwanza, pale kwenye tafsiri ya maneno, kinasema "chombo" maana yake ni chombo cha uvuvi kinachovuka mpaka wa nchi moja kwenda maji ya nchi nyingine au maji ya kimataifa. Huyo mvuvi wako anayetupa nyavu mbele ya kijiji chake hahusiki kabisa. Kwa hiyo hoja yako siyo kweli, na hapo ndo kwenye mtego mkubwa kuliko yote. Kanuni inasema pendekezo la kufuta lizungumzie kile ambacho azimio linasema. Ukidai linasema kitu ambacho halisemi, haramu.

jogoo_wa_eastlands

Karani si unamtisha buda. Watu huku wanapiga chuku kila siku na zinapita. Nimeona mapendekezo ya kufuta yanaongea ni kama dunia itaisha Ijumaa na hakuna mtu anasema kitu.

karani_wa_zamani

Jogoo uko sawa na hujanipinga. Chuku ruksa, kukuza jambo ruksa, hata maneno ya kupinda pinda ruksa, kanuni yenyewe inakubali hivyo. Ukisema "azimio hili litawaumiza wavuvi vibaya sana" hayo ni maoni, kila mtu na lake, atakayebisha akabishe kwenye kura. Ila ukisema "azimio hili linamhusu kila mtumbwi" na kifungu cha kwanza kinasema vinavyovuka mpaka tu, huo ni uongo kuhusu maandishi, siyo chuku. Tofauti ni kama ya mtu anayesema samaki wake ni mtamu kuliko wote sokoni na yule anayekuuzia perege akikwambia ni changu.

jogoo_wa_eastlands

Hiyo ya samaki nimeielewa fiti 😂

spika_mama

Na huo uamuzi wa haramu au halali siku hizi unatolewa na wachezaji wenzetu, wale GenSec, walianza mwaka 2016, kabla ya hapo kazi ilikuwa ya mamodi, yaani wasimamizi wa mchezo. Wanapiga kura kati yao, na ukiona hujaridhika unaweza kubishana nao kwa hoja kwenye jukwaa la mchezo, wanajibu. Ila ubishi wa "mbona la fulani lilipita" hausaidii sana kama hujanukuu kanuni.

Ushauri wangu, acha kabisa kubonyeza submit kwanza. Weka rasimu yako kule jukwaani, watu waichane, wewe rekebisha, waichane tena. Wiki tatu nne siyo nyingi. Wanaochana kwa nguvu ndo hao hao baadaye wanakupa kura, nimeliona hilo mara nyingi.

nahodha_wa_ziwani

Nimekaa kimya siku mbili nikilisoma lote mpaka nimelikariri.

Nadhani nimepata kitu. Karani anasema linahusu vinavyovuka mpaka tu, ni kweli. Lakini kwetu Tanganyika ziwa moja nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, mpaka umepita katikati ya maji hakuna mstari hakuna uzio. Mtu wa dagaa anafuata samaki usiku, mkondo unamsukuma, asubuhi anaweza kuwa alishaingia upande wa pili na hana habari. Kwa tafsiri ya azimio hili huyo naye ni "chombo kinachovuka mpaka" sawa na meli yenye friji ya tani mia mbili! Na nimehesabu vifungu vyote hakuna hata kimoja kinachotaja ukubwa wa chombo. Yaani mwandishi alikuwa na bahari kichwani akasahau maziwa.

Nataka niiweke hivyo hivyo na mfano wa Ziwa Tanganyika, namba zote ninazo.

karani_wa_zamani

Haya sasa!! Hiyo ndo hoja. Iko kwenye maandishi, ni kweli, na hakuna anayeweza kuijibu kwa "soma kifungu cha kwanza" kwa sababu kifungu cha kwanza chenyewe ndo tatizo.

Ila toa Tanganyika. Toa Kongo, toa Burundi, toa zote. Mapendekezo hayaruhusiwi kutaja mambo ya dunia ya kweli, nchi, watu, maeneo. Ndani ya ule mchezo hakuna Tanzania. Hata mchezo wenyewe usiutaje kama mchezo, hakuna "wachezaji", kuna nchi wanachama. Andika "maziwa yanayomilikiwa na nchi zaidi ya moja ambako mipaka haionekani majini", wenye akili watakuelewa na Kigoma itabaki moyoni mwako.

nahodha_wa_ziwani

Hapo nimeumia kidogo ila sawa. Swali la mwisho la kiufundi, kabla ya kusabmiti naambiwa lazima niwe nimeendosiwa, yaani kuungwa mkono, na nchi mbili. Ya kwanza ninayo, ya pili nilikuwa nimeweka nchi yangu nyingine niliyoifungua zamani, nikaiingiza WA juzi ili iniendosi mimi. Inaruhusiwa si ndiyo?

spika_mama

Weeeee itoe sasa hivi!

Mtu mmoja nchi moja ndani ya World Assembly. Nje ya WA fungua nchi hata hamsini hakuna anayekuuliza, ila ndani ni moja tu, ukikamatwa unafukuzwa. Toa hiyo ya pili, ukae rijoni yako, lile kundi la nchi ulilomo, uongee na watu kama binadamu, anayekuendosi lazima awe mwanachama wa WA na awe rijoni moja na wewe. Endosimenti mbili siyo mlima, hata diwani huku kwetu anatafuta wadhamini.

nahodha_wa_ziwani

Nimeitoa. Jasho limenitoka kweli nilikuwa sijui. Na je mdogo wangu akifungua ya kwake kwa kompyuta hii hii ya nyumbani?

spika_mama

Hapo waandikie mamodi kwanza kwa ile fomu ya kuomba msaada ndani ya mchezo, uwaeleze kabla hajajiunga. Usisubiri wakuulize wao.

mtoto_wa_likoni

Mimi sasa niulize langu nikiwa bado na kahawa. Maapruvo yanapatikanaje? Yangu ilikuwa halali kabisa, hakuna aliyeigusa, ikapata deligeti wanne, wale wawakilishi wa rijoni, ikafa.

karani_wa_zamani

Likoni, pale unatakiwa upate asilimia 6 ya madeligeti wote wa rijoni, na muda ni siku chache tu, usipofika pendekezo linajifuta. Kuweka tu pale na kusubiri ni kama kufungua genge uchochoroni bila kumwambia mtu. Lazima upige telegramu, ule ujumbe wa ndani ya mchezo. Wenye hela wananunua stempu za kutumia watu wengi kwa mpigo, wasio na hela wanaomba funguo ya API, kibali cha kutuma kwa programu, wanaacha kompyuta itume moja moja polepole usiku kucha, wengine tunaandika kwa mkono hivyo hivyo. Telegramu iwe fupi, mistari mitano, linki, kwa nini, asante. Ukiandika gazeti hakuna anayesoma.

Na hapa kuna siri ambayo wageni hawaijui. Kwenye kuapruvu, deligeti wa rijoni ya watu sita ana uzito sawa sawa na deligeti wa rijoni kubwa kama The North Pacific. Apruvo moja ni moja. Kwa hiyo usiwadharau hao wadogo, wanapokea telegramu chache na wana moyo wa kujibu. Mambo yanageuka ukishafika kwenye kura yenyewe, pale siku nne za kupiga kura deligeti anabeba kura yake pamoja na moja kwa kila aliyemuendosi, mkubwa akipiga HAPANA saa ya kwanza unaona namba zinaruka kwa mamia na wengine wanafuata tu upepo bila kusoma. Kwa hiyo wakubwa waone rasimu yako mapema, siyo siku ya kura.

Kosa jingine, mtu anasabmiti, anapata maapruvo thelathini, anaona herufi moja imekosewa, anatoa pendekezo arudishe jipya. Anaanza sifuri! Soma mara kumi kabla.

jogoo_wa_eastlands

Swali ndogo. Akishafuta, ile mbadala analeta lini? Juu nimeona watu wanasabmiti zote mbili pamoja.

spika_mama

Mbadala ukifika kwenye kura wakati azimio la zamani bado lipo hai, unakuwa umerudia au umepingana na sheria iliyopo, haramu yote mawili. Wanaocheza karibu karibu ni wazoefu wanaojua kuhesabu foleni ya kura. Mgeni afute kwanza, apumue, ndo alete lake. Na kama kufuta kukishindikana kwenye kura hakuna dhambi, unaweza kujaribu tena. Ila kikipita, kumbuka hakuna kufuta lile la kufuta, kama mtu analitaka la zamani lirudi aliandike upya kutoka mwanzo.

nahodha_wa_ziwani

Jamani nimepata wa pili wa kuniendosi, kaka mmoja wa rijoni yetu, nilimsaidia zamani kutengeneza bendera. Nimeandika rasimu ya mwisho kabla ya kuitafsiri na kuipeleka jukwaani, ichaneni:

"General Assembly,
Ikitambua nia njema ya azimio hili ya kulinda samaki na mabaharia,
Ikisikitika kwamba tafsiri ya neno 'chombo' katika kifungu cha 1 haina kikomo cha ukubwa, hivyo inaweka kundi moja meli za kiwanda na mitumbwi ya mtu mmoja pale tu inapovuka mpaka,
Ikizingatia kwamba nchi nyingi wanachama zinagawana maziwa ambako mpaka hauonekani majini, na mvuvi anaweza kuuvuka bila kukusudia,
Ikijua kwamba mvuvi wa dagaa wa Kigoma na wenzake wa namna hiyo hawawezi kumudu vifaa vinavyotajwa katika kifungu cha 3,
Ikiamini kwamba samaki na wavuvi wadogo wanaweza kulindwa na azimio lililoandikwa kwa uangalifu zaidi,
Inafuta azimio hili."

spika_mama

Nzuri mno. Hoja ya kifungu cha 1 imesimama yenyewe, na ule mstari wa mwisho wa matumaini haulazimishi mtu. Mimi ningetoa "ikisikitika" niweke neno kavu zaidi, ila hiyo ni ladha tu.

karani_wa_zamani

Mstari wa tano Nahodha.

nahodha_wa_ziwani

Wa tano una nini tena, kifungu cha 3 nimehakiki kweli kinataja vifaa

mtoto_wa_likoni

KIGOMA 😂😂😂 kahawa imenipalia

nahodha_wa_ziwani

Ai. Nafuta.